Nguzo ya Moto, kuba la St Paul's au bustani ya ghorofani: ukiwa London ukapande wapi?

Ndugu wakija London likizo, swali haliepukiki: tupande wapi tuuone mji? Gurudumu la London Eye na jengo refu la Shard wameshazisikia. Wakishaona bei zake na kuzidisha kwa familia ya watu watano, wananyamaza. Sasa basi, katikati ya mji wa kale, eneo linaloitwa City, kuna sehemu tatu za kupanda zilizokaribiana kiasi kwamba unatoka moja hadi nyingine kwa miguu. Ya kwanza ni the Monument, nguzo ya mawe ya kukumbuka Moto Mkubwa wa mwaka 1666. Ya pili ni kuba la Kanisa Kuu la St Paul's. Ya tatu ni Sky Garden, bustani iliyo juu kabisa ya jengo la kisasa la vioo.

Mbili za kwanza zina mkono wa mtu mmoja, msanifu majengo Christopher Wren, na zote zimetokana na moto uleule. Ya tatu ni ya juzijuzi, ila nimeiingiza kwa sababu ni ya bure, na kitu cha bure kikiwa dakika chache tu kutoka kwenye kitu cha kulipia, lazima kijadiliwe.

Niseme mapema ninakoegemea: mimi ni mtu wa nguzo. Lakini si kila mgeni nitampeleka kule.

Nguzo: pauni chache, vidato 311

The Monument iko hatua chache kutoka stesheni ya treni ya chini ya ardhi iliyopewa jina lake, karibu na daraja la London Bridge. Ina urefu wa futi 202, yaani takriban mita 62, na namba hiyo haikuokotwa. Ni umbali uleule kutoka ilipo nguzo hadi mahali moto ulipoanzia, kwenye nyumba ya mwoka mikate Thomas Farriner, mtaa wa Pudding Lane, usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 2 Septemba 1666. Ukiilaza nguzo kuelekea mashariki, ncha yake itaangukia kwenye tanuri. Moto ulipokuja kuzimika siku chache baadaye, nyumba 13,200 zilikuwa zimeteketea, na makanisa 87 ya mitaa, pamoja na St Paul's ya zamani.

Ujenzi ulianza mwaka 1671 ukamalizika 1677. Wren hakuwa peke yake. Rafiki yake mwanasayansi, Robert Hooke, alikuwa na mkono mkubwa katika usanifu, na wawili hawa wakaona wasiache kazi ya serikali ipite bila kujipatia maabara. Katikati ya ngazi waliacha uwazi unaotoka chumba cha chini ya ardhi hadi kileleni, ili nguzo nzima iwe darubini ya kutazama nyota zinazopita juu ya kichwa. Darubini haikufaa, inasemekana mtikisiko wa magari ya farasi barabarani uliharibu vipimo. Vidato navyo vilipewa kimo cha inchi 6 kila kimoja, ili waweze kupima jinsi mgandamizo wa hewa unavyopungua wanavyopanda. Zidisha inchi 6 kwa 311 upate kama futi 155. Hapo ndipo jukwaa la kutazamia lilipo, na hivyo ndivyo magoti yako yatakavyohesabu.

Ngazi ni moja tu, ya kuzunguka, ya kupandia na ya kushukia. Vidato vya mawe vimechomekwa ukutani upande mmoja, na katikati pako wazi. Ukichungulia chini unaona ngazi inavyojiviringa hadi sakafuni. Upande wa ukutani kidato ni kipana. Upande wa ndani kinachongoka hadi nyayo haienei. Kwa hiyo mkikutana, mmoja anapanda na mwingine anashuka, suala linakuwa nani abaki ukutani. Hakuna kanuni. Watu wanatazamana, mmoja anajibana, mwingine anapita pembeni ameshika reli, wote wakicheka kwa pumzi zinazokatika. Mgeni wa kwetu aliyelelewa vizuri atampisha kila mzee na kila mama mwenye mtoto, na ndiyo maana atachelewa kufika juu kuliko wenzake. Lifti hakuna, na haiwezi kuwekwa. Ndani ya nguzo hamna kingine zaidi ya ngazi.

Juu kuna roshani nyembamba inayoizunguka nguzo, na juu ya kichwa chako chungu cha miali ya moto kilichopakwa dhahabu. Roshani imefungwa kwa wavu pande zote. Wavu huo una historia ya huzuni: katika karne ya 19 watu walikuwa wakipanda na kujirusha, ndipo wakuu wa mji wakaamua kuweka kizimba. Kwa mtu wa picha wavu unakera kidogo, ingawa simu ukiisogeza hadi lenzi ikae kwenye tundu, picha inatoka safi.

Mandhari yenyewe, nisiwadanganye, si kama zamani. Wakati wa Wren nguzo hii ilikuwa juu ya kila kitu isipokuwa minara ya makanisa. Leo upande wa kaskazini na mashariki umeegemewa na majengo ya benki na bima, na lile lenye Sky Garden limesimama karibu mno, linakutazama kutoka juu. Upande wa kusini ndiko kwenye raha: mto Thames, daraja la Tower Bridge, meli ya kivita HMS Belfast imetia nanga, Shard ng'ambo. Ajabu ni kwamba udogo wa urefu ndio unaonipendeza. Unasikia mabasi. Unaona watu wana nyuso. Ukipanda mita 150 au 250, mji unageuka ramani, na ramani ninayo kwenye simu.

Kilichonifanya niwe mtu wa nguzo, hata hivyo, kiko chini, kwenye kitako. Upande wa magharibi kuna mchongo mkubwa wa Caius Gabriel Cibber: London ni mwanamke aliyeanguka kwenye vifusi, na Mfalme Charles II anakuja kumsaidia, akiwa amevaa kama Mrumi. Pande nyingine zimejaa maandishi ya Kilatini. Upande wa kaskazini ndipo maandishi yanaposimulia moto, na mwaka 1681 yaliongezwa maneno ya kuwatupia lawama Wakatoliki. Hayakuwa na ushahidi. Mfaransa mmoja, Robert Hubert, alikuwa amekiri kuuwasha moto, akanyongwa, na baadaye ikajulikana kwamba alikuwa bado hajafika London siku moto ulipoanza. Chuki haikungoja hilo lijulikane. Maneno yakafutwa alipotawala mfalme Mkatoliki, James II, yakarudishwa alipoondolewa, yakaja kufutwa moja kwa moja mwaka 1830. Mtu anayetoka nchi ambako majina ya mitaa hubadilika na serikali hahitaji kuelezwa zaidi.

Tiketi ya mtu mzima imekuwa chini ya pauni 10, na mara nyingi kuna tiketi ya pamoja na Tower Bridge, ambako kuna njia ya juu yenye sakafu ya kioo, mita 42 juu ya mto, na lifti ipo. Ukishuka kwenye nguzo, kwa desturi unapewa cheti kwamba umepanda vidato vyote 311. Watu wazima wanajifanya hawakitaki, kisha wanakikunja vizuri na kukitia mkobani.

Kuba la St Paul's: ghali, refu, na linalipa

St Paul's ni ulimwengu mwingine. Tiketi inazidi pauni 20 kwa mtu mzima, na hapo ndipo wengi wanaposhituka. Lakini tofauti na nguzo, hapa hununui kupanda peke yake. Tiketi inakupa kanisa zima, makaburi ya chini ya sakafu ambako wamelazwa majemadari Nelson na Wellington, na kuba. Wren naye yuko humo chini, kwenye kaburi lisilo na makuu, na maandishi ya Kilatini juu yake yanamwambia msomaji kwamba akitafuta ukumbusho wa mtu huyu, atazame pande zote.

Kanisa lilijengwa kuanzia 1675 hadi 1710, na msalaba wa juu uko mita 111 kutoka ardhini. Kupanda kunakwenda kwa vituo, na huu ndio ubora wake kwa watu wasio na uhakika na miguu yao. Vidato 257 vinakufikisha Whispering Gallery, roshani ya ndani inayozunguka chini ya kuba, ambako mtu akinong'ona ukutani upande huu, wa upande wa pili anamsikia. Kwa miaka ya karibuni imekuwa ikifungwa kwa vipindi virefu, kwa hiyo usiwaahidi watoto kabla hujaangalia tovuti ya kanisa. Kidato cha 376 uko Stone Gallery, nje, mita 53, papana, unaweza kuketi na kupumua. Anayetaka kuishia hapo aishie, hakuna atakayemcheka. Waliobaki wanaendelea hadi kidato cha 528, Golden Gallery, mita 85.

Sehemu kati ya vituo hivyo viwili vya mwisho ndiyo inayofidia bei. Kuba la St Paul's si moja. Kuna la ndani, ambalo waumini wanaliona wakiinua vichwa. Kuna la nje, la mbao zilizofunikwa kwa madini ya risasi, ambalo mji mzima unalijua. Na kati yao kuna koni ya matofali ambayo hakuna anayeiona, nayo ndiyo inayobeba kijumba cha mawe cha kileleni na msalaba. Unapanda ngazi za chuma zinazozunguka humo katikati, matofali ya miaka mia tatu yakiwa karibu ya kugusa. Mwenye kuogopa urefu ajue kwamba ngazi hizo zina matundu na unaona chini. Huo ndio ukweli, bora ujulikane ukiwa bado kwenye kidato cha 376.

Juu kabisa ni pembamba, unageuka kwa kupishana mabega. Lakini unachokiona kinashinda cha nguzo kwa mbali: daraja la watembea kwa miguu la Millennium limenyooka chini yako hadi jumba la sanaa la Tate Modern, mto unapinda kwenda Westminster, na upande wa mashariki yale majengo marefu yamerundikana pamoja. Mji haukulizonga kanisa hili kama ulivyoizonga nguzo, na haikutokea kwa bahati. Tangu miaka ya 1930 kuna masharti ya ujenzi yanayolinda mandhari ya St Paul's. Jengo la Leadenhall, lile ambalo wenyeji wanaliita kikwaruzio cha jibini, limeinamishwa upande mmoja makusudi lisiharibu kuba ukilitazama kutoka Fleet Street.

Jumapili ni siku ya ibada, utalii haupo. Ukienda kusali huingii kwa tiketi, siku yoyote, na ibada ya jioni yenye kwaya, ambayo kwa kawaida huanza saa kumi na moja, ni nzuri hata kwa asiye Mkristo. Ila muumini hapandi kubani kwa njia hiyo. Wapo waliojaribu kulipita jambo hili kwa ujanja. Wahudumu pale mlangoni wameshaziona janja zote.

Sky Garden: bure, lifti, vioo

Kwa hili sitachukua muda mrefu. Jengo liko 20 Fenchurch Street, limenenepa juu kuliko chini, na mwaka 2013, likiwa bado linajengwa, vioo vyake vilivyopinda vilikusanya jua na kuyeyusha sehemu za gari la kifahari lililoegeshwa barabarani. Bustani ilifunguliwa Januari 2015, kwenye ghorofa tatu za juu, kama mita 155 hewani. Wananchi kuingia bure lilikuwa sehemu ya makubaliano ya kuruhusu jengo refu hivyo lisimame mahali pale.

Unaweka nafasi mtandaoni. Tiketi hutolewa wiki chache tu kabla, na za wakati wa machweo ndizo zinazoisha kwanza. Mlangoni kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, kisha lifti. Ndani kuna mimea, viti, mkahawa na watu wengi sana wanaopiga picha. Kioo kinarudisha taa za ndani, hivyo picha za usiku zinatoka na balbu katikati ya anga; toka kwenye roshani ya upande wa kusini kama imefunguliwa.

Ni pazuri. Sina ugomvi napo. Ila ukimaliza hutakuwa na la kusimulia zaidi ya kwamba uliona mbali. Na kama ni kuona mbali tu, sehemu ya kutazamia ya Horizon 22 kule mtaa wa Bishopsgate, iliyofunguliwa 2023, nayo ni bure, na iko mita 254, ghorofa ya 58. Tiketi zake nazo zinagombaniwa. Aliyeamka bila tiketi yoyote aende bustani ya juu ya paa ya Garden at 120, Fenchurch Street hiyohiyo: ghorofa ya 15 tu, lakini huhitaji kuweka nafasi, na uko nje kabisa, hakuna kioo.

Nani aende wapi

Mama, baba mkubwa, yeyote mwenye magoti ya kulalamika au anayetumia kiti cha magurudumu: Sky Garden, bila mjadala. St Paul's pia anaweza kuingia na kuona kanisa na makaburi bila ngazi, lakini kuba asahau. Wala usimwache mzee amekaa kwenye benchi chini ya nguzo saa nzima huku mkimpungia mkono kutoka juu. Hatawaona vizuri kutoka pale chini, na kuna upepo.

Watoto wa miaka saba hadi kumi na miwili, nguzo. Wanahesabu vidato kwa sauti, wanabishana kwenye kidato cha mia mbili na kitu, na mwisho kuna cheti. Kwa St Paul's watoto wanachoka kabla ya kupanda, kwa sababu wazazi tumeshawazungusha kwenye makaburi ya majemadari. Mtoto mchanga wa kubebwa ni bora asipande kwenye ngazi nyembamba yoyote kati ya hizi, na kigari chake hakipiti.

Mwenye hofu ya urefu ana uamuzi mgumu kidogo. Mwandishi Mskoti James Boswell alipanda nguzo mwaka 1763, akaishiwa ujasiri katikati, akajilazimisha kufika juu kwa kuogopa kujidharau. Leo kuna wavu, na kwa watu wengi wavu unasaidia: hujihisi unavutwa. Tatizo lipo kwenye ngazi, ule uwazi wa katikati. Tembea upande wa ukutani, usitazame ndani. Mtu wa hofu kali apande lifti, akae mbali na kioo, anywe chai.

Wapenzi na wapiga picha, St Paul's mchana na Sky Garden jioni. Lakini kumbukeni majira: Desemba jua linazama karibu saa kumi jioni, na Juni linakaa hadi saa tatu na dakika kadhaa usiku. Aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima hukosea sana hapa, anaweka nafasi ya "machweo" wakati giza lilishaingia.

Mwenye pauni chache na saa moja kabla ya treni, hana haja ya kufikiri. Nguzo.

Na mwenye siku nzima na miguu mizima afanye yote, kwa mpangilio huu. St Paul's asubuhi mapema milango inapofunguliwa, kabla ya makundi ya watalii wa mabasi, ili upande ukiwa na nguvu. Kisha tembea mashariki kwa Cannon Street, robo saa hivi bila haraka, hadi kwenye nguzo. Ukiongeza vidato vyake utakuwa umepanda 839, kwa hiyo lifti ya Sky Garden itakuwa halali yako jioni. Viatu viwe vya kufunga. Kandambili kwenye ngazi ya kuzunguka ni kujitafutia. Begi kubwa liache hotelini. Na uende chooni St Paul's kabla hujaondoka, kwa sababu ndani ya nguzo choo hakuna.